Warsha ya maadili na roho kwa wauguzi, Kisumu: asubuhi nzuri, alasiri butu

Kipindi cha maadili pekee kinatosha kukulipa nauli. Mkufunzi anaanza na kanuni za Baraza la Kimataifa la Wauguzi, toleo la 2021, kisha anaingia wodini: mgonjwa akitaka maombi, fuata imani yake, si yako, ukishindwa, mwite kasisi au imamu, na uandike kwenye faili. Maswali manne ya FICA, mwongozo wa kumuuliza mgonjwa kuhusu imani yake (imani, uzito wake, jamii yake, msaada anaoutaka), yanafundishwa vizuri, pamoja na onyo la kutoyauliza mgonjwa wa kitanda cha jirani akisikiliza.

Na alasiri, uchovu wa muuguzi mwenyewe? Nyimbo tu, bila neno kuhusu kikao cha kuzungumza baada ya kifo wodini. Na kuanza saa mbili asubuhi ni kumkomoa aliyetoka zamu ya usiku.