Kalenda ya Mashujaa wa Kenya ya Mwaka 2026: Tathmini ya Mnunuzi wa Dar es Salaam

Kila mwisho wa mwaka Dar es Salaam hujaa kalenda. Benki na kampuni za bima huzigawa bure kwa wateja wao, makanisa na misikiti huchapisha za kwao, na wamachinga wa Kariakoo na wa kwenye foleni za Mwenge huuza zile za maua, za viongozi na za wachezaji wa Simba na Yanga. Msimu uliopita ilijitokeza moja ya aina yake: kalenda ya ukutani ya mwaka 2026, iliyoandikwa yote kwa Kiswahili, yenye kurasa 12 na picha kubwa za Wakenya waliofanya mambo makubwa nyumbani kwao na ughaibuni. Niliinunua kwenye meza ya vitabu mtaa wa Samora kwa shilingi 15,000, bei ya juu kwa kitu ambacho wengi wetu tumezoea kupewa bure, na muuzaji alipoona nasita alinihakikishia: “Bosi wangu, hiyo siyo kalenda, hiyo ni historia.” Kwa sehemu kubwa alisema kweli, ingawa ziko kurasa ambazo historia hiyo imenyooshwa kuliko ilivyokuwa.

Mpangilio wake una akili. Kila mtu amewekwa katika mwezi unaohusiana na tukio lake, na tarehe yenyewe imezungushiwa duara jekundu, ili anayepita sebuleni akiuliza kwa nini siku fulani imetiwa alama, jibu liwe juu ya ukurasa huohuo. Novemba ni ya Tegla Loroupe, ambaye mwaka 1994 alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kushinda marathoni ya New York. Aprili ni ya Catherine Ndereba, aliyeshinda marathoni ya Boston mara nne, na Agosti ni ya David Rudisha, kwa mbio zake za mita 800 za tarehe 9 Agosti 2012 katika Olimpiki ya London, ambako aliongoza tangu mwanzo bila kusaidiwa na mtu na kumaliza kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia. Maelezo chini ya picha ni mafupi, ya Kiswahili sanifu kisicho na makuu, na yanaweza kusomwa na mtoto wa darasa la tano pasipo kuomba msaada.

Hata hivyo, mpangilio huo ulikutana na mtihani mgumu katika mwezi wa Oktoba, ambao kwa Wakenya umejaa kupita kiasi. Tarehe 8 Oktoba 2004 ilitangazwa kwamba Wangari Maathai ameshinda Tuzo ya Amani ya Nobel. Tarehe hiyohiyo mwaka 2023 Kelvin Kiptum alikimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2 na sekunde 35. Tarehe 12 Oktoba 2019 Eliud Kipchoge alimaliza kilomita 42.195 mjini Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Na tarehe 20 ni Siku ya Mashujaa yenyewe. Watungaji walimhamishia Maathai Desemba, kwa kuwa alikabidhiwa tuzo mjini Oslo tarehe 10 mwezi huo, siku mbili kabla ya sikukuu ya Jamhuri ya Kenya, na uamuzi huo ni mzuri. Kipchoge Keino naye wamempeleka Januari kwa kufuata siku yake ya kuzaliwa, na hapo nadhani walipoteza lulu waliyokuwa nayo mkononi, kwa sababu fainali ya mita 1500 aliyoshinda katika Olimpiki ya Mexico, akiwa mgonjwa wa nyongo, ilikimbiwa tarehe 20 Oktoba 1968. Duara moja jekundu lingetosha kubeba shujaa na sikukuu ya mashujaa kwa pamoja.

Kosa lenyewe ninalolisema limo katika ukurasa huohuo wa Oktoba. Chini ya picha ya Eliud Kipchoge akiwa amevaa fulana nyeupe na kujipiga kifua kwa furaha, imeandikwa kwamba siku ile “aliweka rekodi ya dunia”. Hakuiweka, na yeye mwenyewe hakwenda Vienna kwa ajili hiyo. Yalikuwa majaribio yaliyoandaliwa maalumu, si mashindano ya wazi: palikuwa na waongoza kasi 41 waliopokezana kwa makundi huku wakimkinga na upepo, gari mbele yao lililokuwa likimulika mistari barabarani kuonyesha kasi inayotakiwa, na vinywaji vilivyoletwa kwa baiskeli. Kwa sababu hizo muda ule haukuingizwa katika orodha ya rekodi. Rekodi zake halali aliziweka Berlin, ya kwanza mwaka 2018 na ya pili mwaka 2022, alipotumia saa 2, dakika 1 na sekunde 9, na hiyo ya pili ndiyo aliyoivunja Kiptum mwaka mmoja baadaye. Mwandishi wa kalenda angeweza kueleza haya kwa sentensi mbili na picha isingepungua utukufu hata kidogo. Ningesema ingeongezeka, maana miongoni mwa waliomkinga Kipchoge na upepo alikuwamo Bernard Lagat, mzaliwa wa Kenya anayeshikilia uraia wa Marekani, aliyewahi kuipatia Kenya medali za Olimpiki na kuwa bingwa wa dunia kwa jina la Marekani. Ni nadra kupata mfano ulio wazi kiasi hicho wa Mkenya wa nyumbani na wa ughaibuni wakikimbia barabara moja.

Kiptum amepewa picha ndogo pembeni mwa ukurasa huo, na maelezo yake yanataja kwamba alifariki dunia tarehe 11 Februari 2024 katika ajali ya gari, akiwa na umri wa miaka 24. Kocha wake, Gervais Hakizimana wa Rwanda, alikufa naye katika gari lilelile, lakini hakutajwa.

Machi nao umebanwa, kwani wamepangwa watatu katika ukurasa mmoja: Lupita Nyong'o na tuzo yake ya Oscar ya mwaka 2014, mwalimu Peter Tabichi, na huduma ya M-Pesa. Huyo wa kwanza hakuhitaji kuelezwa sana, na hakuelezwa. Wametaja tu kwamba alizaliwa Mexico wakati baba yake akifundisha huko, kisha akakulia Kenya. Tabichi ndiye aliyestahili ukurasa mzima. Ni bruda wa shirika la Wafransisko aliyekuwa akifundisha hisabati na fizikia katika sekondari ya kutwa ya Keriko, kijijini huko Njoro, kaunti ya Nakuru, mahali ambapo wanafunzi wengi hutoka katika familia maskini na wengine ni yatima, naye akawa akitoa sehemu kubwa ya mshahara wake kuwasaidia. Mwaka 2019 alipewa mjini Dubai tuzo ya mwalimu bora wa dunia, yenye thamani ya dola milioni 1. Ninamfahamu mwalimu mmoja wa shule ya kata huku Tabata aliyesoma maelezo hayo akiwa amesimama, akayarudia, kisha akaomba apige picha ukurasa kwa simu.

Kuhusu M-Pesa, kalenda inajigamba kwamba ni “uvumbuzi wa Kenya ulioteka dunia”. Sisi wa Dar es Salaam tuna haki ya kuchangia hapa, kwani Vodacom iliileta huku mwaka 2008, mwaka mmoja tu baada ya Safaricom kuianzisha Machi 2007, na leo hakuna asiyejua maana ya kuambiwa “tuma na ya kutolea”. Ukweli ni kwamba wazo na mtambo wa mwanzo viliandaliwa na Vodafone ya Uingereza, kwa kusaidiwa na fedha za serikali ya nchi hiyo, na lengo lilikuwa kurahisisha marejesho ya mikopo midogo. Walioibadilisha wakaifanya ya kutumiana pesa ni wateja wa Kenya wenyewe, na walioifikisha kila kona ni mawakala wenye vibanda. Sifa hiyo ni kubwa vya kutosha na inawahusu watu wengi zaidi, lakini picha iliyowekwa ni ya simu iliyoshikwa na mkono usio na mwenyewe.

Nikihesabu, miezi 8 kati ya 12 ni ya wanariadha wa mbio. Sina ugomvi na Faith Kipyegon kupewa Juni, kwa dhahabu zake 3 za Olimpiki katika mita 1500, ambazo 2 alizipata baada ya kujifungua binti yake mwaka 2018, wala na Beatrice Chebet kupewa Julai, kwa kuwa tarehe 5 Julai 2025 mjini Eugene alikuwa mwanamke wa kwanza kukimbia mita 5000 chini ya dakika 14. Lakini katika wingi huo wa wakimbiaji amekosekana Julius Yego, bingwa wa dunia wa kurusha mkuki mwaka 2015, aliyejifunza kwa kutazama video za mtandaoni, na hapakupatikana nafasi ya mwanasayansi hata mmoja. Walioziba pengo ni Anna Qabale Duba, muuguzi wa Marsabit aliyepata tuzo ya kimataifa ya uuguzi mwaka 2022 na ambaye pia alianzisha shule kijijini kwao, na Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa aliyefundisha Makerere kisha Marekani kwa miongo mingi, akafia huko mwaka 2014 na kurudishwa kuzikwa karibu na Ngome ya Yesu. Ukurasa wa Mazrui, wa Februari, una maandishi bora kuliko mengine yote. Kwa kuwa mtani hakosi neno, nitaongeza kwamba tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, Filbert Bayi wetu alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 huku Ben Jipcho wa Kenya akishika nafasi ya tatu, na tarehe hiyo haina duara lolote.

Kwa matumizi ya kila siku, kalenda ina upungufu mmoja ambao mnunuzi wa huku lazima aujue kabla ya kutoa pesa: sikukuu zilizotiwa rangi ni za Kenya peke yake. Madaraka ya tarehe 1 Juni ipo, lakini Mapinduzi, Karume, Muungano, Sabasaba na Nanenane hazipo, na tarehe 14 Oktoba, Siku ya Nyerere, imeachwa nyeupe kama siku yoyote ya kazi. Nimezijaza mwenyewe kwa kalamu. Visanduku vya tarehe ni vikubwa, vinatosha kuandika siku ya kikoba na mwisho wa michango ya harusi, na uchapaji wa rangi ni safi. Karatasi ni nene lakini si ya kuvumilia joto la pwani: ukurasa ulio juu huanza kujikunja pembe za chini usipobanwa, hasa ukitundikwa karibu na dirisha au jikoni.

Kwa nyumba yenye watoto wa shule, kwa ofisi yenye Wakenya na Watanzania, au kwa mwalimu anayetafuta cha kubandika darasani, naipendekeza, mradi sentensi ile ya Oktoba irekebishwe kwa kalamu. Anayetaka kalenda ya kuangalia sikukuu tu aendelee na ile ya benki. Bei nayo isimtishe mtu: mwezi Januari ukishakatika, wauzaji wa Samora huanza kuzishusha wenyewe, na wiki iliyopita nimeisikia ikitajwa kwa shilingi 8,000.