Tikka T3x Lite na darubini ya Leupold: bunduki ya kwanza kwa mwindaji anayeanza katika misitu ya Maine

Kwa mtu mzima anayeanza kuwinda kulungu katika jimbo la Maine, ambaye hajawahi kumiliki bunduki na anataka kununua moja tu itakayomfaa kwa miaka mingi, napendekeza Tikka T3x Lite ya kaliba (yaani aina na ukubwa wa risasi) ya .308 Winchester, ifungwe darubini ya Leupold VX-Freedom inayokuza mara 3 hadi 9. Nimeitumia jozi hii uwanjani na msituni kwa misimu kadhaa, na ndiyo ninayowaonyesha kwanza wenzetu wa Portland na Lewiston, waliotoka Kongo, Burundi na Tanzania, wanaponiuliza waanzie wapi. Si bunduki ya bei ya chini kuliko zote, na ina kasoro moja inayogusa usalama ambayo anayeanza ni lazima aijue kabla hajalipa fedha zake.

Wengi wetu tumekulia mahali ambapo bunduki ni kitu cha askari au cha mlinzi wa hifadhi. Nchini Kenya uwindaji ulipigwa marufuku tangu mwaka 1977, kwa hiyo kuna vizazi vizima ambavyo havikurithi ujuzi huu kwa baba wala kwa mjomba. Mtu wa namna hiyo anapoingia duka la bunduki la Marekani na kukuta ukuta mzima umejaa, ni rahisi kuamini kwamba bunduki yenye nguvu zaidi na darubini yenye ukuzaji mkubwa zaidi ndiyo bora. Katika duka moja nilimsikia muuzaji akimshawishi kijana aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza mafunzo ya uwindaji salama achukue .300 Winchester Magnum, eti ili asije akahitaji kununua nyingine. Ushauri huo ulinikera sana, na bado unanikera. Katika misitu minene ya Maine kulungu wengi hupigwa wakiwa ndani ya mita 100, na bunduki ya nguvu zile, zikiwa na uzito sawa, humpiga mpigaji teke kwa zaidi ya mara moja na nusu ya .308. Anayeanza akiumizwa bega, huanza kufumba macho na kukaza mwili kabla ya mlio, na tabia hiyo ikishakaa ni kazi kubwa kuiondoa.

Kaliba ya .308 ilitoka mwaka 1952, na kwa sababu imetumika muda mrefu, risasi zake hupatikana karibu kila duka linalouza risasi, za bei ya chini za mazoezi na za bei ya juu za kuwindia. Risasi yenye kichwa cha gramu 9.7 inatosha kabisa kumwangusha kulungu mwenye mkia mweupe, hata yale madume makubwa ya kaskazini ambayo huzidi kilo 90 baada ya kutolewa matumbo. Ukibahatika siku moja kupata kibali cha kuwinda moose, mnyama mkubwa kuliko wote wa jamii ya kulungu, kibali ambacho Maine hutolewa kwa bahati nasibu, bunduki hiyo hiyo itafaa kwa risasi nzito kidogo iliyotengenezwa vizuri. Mwenye mwili mdogo, au anayeogopa teke kwa dhati, asione haya kuchagua .243 Winchester ya mwaka 1955 au 7mm-08 Remington ya mwaka 1980. Siku hizi wengi huipenda 6.5 Creedmoor, iliyotoka mwaka 2007, nami sina neno baya juu yake, kwani teke lake ni dogo na hulenga vizuri mno. Ila faida yake kubwa huonekana kwenye masafa ambayo msitu wetu haukupi nafasi ya kuyaona.

Tikka hutengenezwa na kiwanda cha Sako huko Riihimäki, Finland, na mfano huu wa T3x ulitoka mwaka 2016 kuchukua nafasi ya T3 ya mwaka 2003. Jambo la kwanza utakalolihisi mkononi ni komeo, yaani kile chuma unachokivuta na kukisukuma kwa mkono ili kutoa na kuingiza risasi. Linateleza bila kukwaruza wala kuyumba, na mkono wake huinuka nyuzi 70 tu, hivyo vidole havigongi darubini unapolifungua kwa haraka ukiwa umevaa glavu. La pili ni kifyatulio, ambacho hakina ulegevu kabla ya kuachia, na uzito wake, yaani nguvu ya kidole inayohitajika kukivuta, unaweza kurekebishwa kati ya takriban kilo 1 na 2. Kwa anayeanza ningeuacha upande wa juu, hasa kwa vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi ya Novemba. La tatu ni ulengaji. Kiwanda kinaahidi kwamba risasi tatu zitakaa ndani ya duara la chini ya sentimita 3 kwenye mita 100, na bunduki niliyoitumia hutimiza ahadi hiyo kwa risasi za kawaida za dukani, almradi mtutu haujapata moto. Mtutu wake ni mwembamba, na ukipiga mfululizo bila kuuacha upoe, matundu kwenye shabaha yataanza kutawanyika bila kosa lolote la mikono yako.

Uzito wa bunduki tupu ni chini kidogo ya kilo 3. Ukiongeza darubini, mkanda na risasi, unabeba kama kilo tatu na nusu hivi, mzigo ambao mtu anaweza kutembea nao kutwa kwenye theluji. Wepesi huo una gharama, kwa sababu bunduki nyepesi hurudisha teke zaidi kuliko nzito ya kaliba ile ile. Mpira wa kitakoni wa T3x husaidia, lakini haufanyi miujiza.

Sasa kasoro. Kizuizi cha usalama cha Tikka kina hatua mbili tu, na kikiwashwa hufunga kifyatulio pamoja na komeo. Kulifunga komeo kuna faida yake, kwani haliwezi kufunguka lenyewe likikwaruzwa na matawi, lakini maana yake pia ni kwamba huwezi kuitoa risasi iliyo kwenye chemba, yaani tayari kupigwa nyuma ya mtutu, bila kwanza kukiondoa kizuizi. Yaani ule wakati wa kupakua bunduki mwisho wa siku, mtu akiwa amechoka na mwanga umefifia, ndio wakati ambao bunduki ina risasi na haina kizuizi. Anayejua mambo atauelekeza mtutu ardhini mahali salama, kidole kikiwa mbali na kifyatulio, kisha atafungua komeo taratibu. Anayeanza lazima afundishwe hivyo na arudie kwa risasi za bandia mpaka mikono izoee. Ruger American, iliyoingia sokoni mwaka 2012, ni bora katika hili, kwa sababu komeo lake hufunguka hata kizuizi kikiwa kimewashwa. Nayo huuzwa kwa dola mia mbili au tatu chini ya Tikka, ambayo huwa karibu dola 800, na shabaha yake haiachwi mbali. Komeo lake ni gumu zaidi, na kitako chake cha plastiki hulegea ukikibana mkononi. Kwa mwenye bajeti ndogo, hata hivyo, ningemwambia achukue Ruger na kinachobaki akinunulie risasi za mazoezi, kuliko achukue Tikka halafu akose cha kupeleka uwanjani.

Malalamiko yangu mengine ni madogo. Magazini ya Tikka, yaani kisanduku chake cha risasi, hubeba risasi tatu tu, nayo ni ya plastiki na ya akiba inauzwa ghali kuliko inavyostahili. Wanaotumia mkono wa kushoto watafurahi kujua kwamba ipo yenye komeo upande wao.

Lakini kabla ya jina na bei kuna kipimo kimoja kinachoshinda vyote: bunduki ikae mwilini mwako. Nenda dukani ukiwa umevaa koti lile lile zito utakalowindia, maana koti huongeza urefu kati ya bega na jicho, na bunduki iliyokutosha ukiwa na shati inaweza kukushinda ukiwa na koti. Mwombe muuzaji aifungue na akuonyeshe kwamba haina risasi, nawe uhakikishe kwa jicho na kwa kidole. Kisha, ukiielekeza mahali atakapokuambia, fumba macho, ipandishe begani, ulaze shavu lako kwenye kitako bila kujikunja, halafu fumbua macho. Ukiona duara zima la darubini limejaa mwanga, bunduki imekutosha. Ukiona kivuli cheusi ukingoni, au ukilazimika kuinyoosha shingo kutafuta picha, haijakutosha, na hapo ndipo inapofaa kuuliza kama kipo kitako kifupi. Ruger, na kampuni nyingine ya bunduki iitwayo Savage, zote zina mifano mifupi kwa watu wa kimo kidogo.

Upande wa darubini ndiko ninakoona watu wakipoteza fedha nyingi zaidi. Leupold VX-Freedom ya 3-9x40 huuzwa kati ya dola 250 na 300, ina uzito wa takriban gramu 350, na hutengenezwa na kampuni ya Beaverton, Oregon, iliyoanza mwaka 1907. Tarakimu zake zinasema hivi: ukuzaji ni mara 3 hadi mara 9, na lenzi ya mbele ina upana wa milimita 40. Ukiiweka kwenye 3, kwa umbali wa mita 100 unaona eneo lenye upana wa takriban mita 11. Ukiipandisha hadi 9, eneo hilo linabaki mita nne na nusu hivi. Kulungu akitokea ghafla kati ya miti kwa mita 40, aliyeacha darubini kwenye 9 ataona manyoya na magome ya miti asijue kipi ni kipi. Kwa hiyo tembea nayo ikiwa kwenye 3, kwani muda wa kuipandisha utaupata kama mnyama yuko mbali na ametulia.

Hesabu nyingine inayofaa kujulikana ni ya mwanga. Gawa upana wa lenzi ya mbele kwa ukuzaji, utapata upana wa mwale unaoingia jichoni: 40 kwa 9 ni milimita 4.4, na 40 kwa 4 ni milimita 10. Mboni ya jicho la kijana gizani hufunguka kama milimita 7, na ya mtu mzima hupungua kadiri umri unavyoongezeka. Wakati wa alfajiri na machweo, ambao ndio wakati wa kulungu, kupunguza ukuzaji kutakupa picha angavu zaidi bila kuongeza hata senti. Ndiyo maana sioni haja ya lenzi kubwa za milimita 50, ambazo huongeza uzito na kuilazimisha darubini ikae juu mno hata shavu likose pa kutulia. Darubini hii pia inataka jicho likae kati ya sentimita 9 na 11 nyuma yake, nafasi ya kutosha kuepuka kupigwa kwenye paji la uso bunduki inaporudi.

Duka likikufungia darubini, litakuambia imeshalinganishwa na mtutu. Hiyo ni hatua ya mwanzo tu, na ni lazima uimalizie mwenyewe uwanjani. Anza kwa mita 25 ili uhakikishe kwamba risasi zinagusa karatasi, kisha hamia mita 100. Kila hatua moja ya kitufe cha marekebisho huhamisha pigo kwa takriban milimita 7 kwenye mita 100, na chini ya milimita 2 kwenye mita 25, kwa hiyo masafa mafupi yanadai hatua mara nne zaidi. Ukishaiweka sawa kwa mita 100, risasi ya .308 itashuka kama sentimita 10 au kidogo zaidi ifikapo mita 200, kwa hiyo kwa umbali huo lenga juu kidogo ya katikati ya eneo la moyo na mapafu, ambalo lina upana wa sentimita 20 hivi.

Kuhusu sheria, hatua ya kwanza Maine ni mafunzo ya usalama ili upate leseni ya kuwinda. Dukani utajaza fomu ya serikali kuu iitwayo 4473, na jina lako litapitishwa kwenye mfumo wa ukaguzi wa FBI. Mwenye ukazi wa kudumu anaruhusiwa kununua ikiwa hana kizuizi kingine. Mwenye viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi isipokuwa kwa masharti maalumu, naye amwone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kuigusa fomu. Na tafadhali, ndugu zangu, mtu asimnunulie bunduki jamaa yake asiyeruhusiwa huku akiandika kwamba ni yake. Hilo ni kosa la jinai la serikali kuu, na kwa asiye raia linaweza kuvunja maisha yote aliyoyajenga hapa.

Msimu wa bunduki ukifika, utavaa nguo mbili za rangi ya machungwa inayong'aa, moja ikiwa kofia, hutawinda Jumapili, na hutapiga kulungu nje ya muda unaoanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza na kuishia nusu saa baada ya kuzama. Sheria ya Maine pia inamtaka mwindaji amtambue mnyama waziwazi kabla ya kufyatua. Kwa sababu hiyo tenga dola mia moja au zaidi kwa darubini ya mkononi ya 8x42. Ukisikia kichaka kinatikisika, tazama kwa hiyo. Darubini ya bunduki isiinuliwe kutafuta kilichomo, maana kila inapoelekea, mtutu nao unaelekea huko huko, na aliye nyuma ya majani yale anaweza kuwa mtu.