Mafuta ya midomo: ya kununua, na ya kuacha dukani

Umepaka asubuhi kabla ya kutoka, ukapaka tena ndani ya matatu, ukarudia kabla ya chai ya saa nne, na bado midomo imekaza kama ngozi ya ngoma. Hapo kagua unachopaka. Mafuta ya midomo hayana kitu kinachomshika mtu kama sigara inavyomshika mvutaji. Ila mengi yanayopangwa karibu na kaunta ya kulipia yana mentholi, kafuri, au ladha ya mnanaa na mdalasini. Hivyo huburudisha kwa dakika chache, kisha huichokoza ngozi, ngozi hubambuka, nawe unapaka tena. Ulimi nao humalizia kazi: mate yakikauka huondoka na unyevu, na vimeng'enya vilivyomo, vile vinavyoanza kusaga chakula kinywani, huiwasha ngozi iliyokwisha kuchunika.

Ngozi ya midomo ni nyembamba, haina tezi za jasho, na mafuta yake ya asili ni haba sana. Inachohitaji ni kifuniko cha kuzuia maji yasitoroke. Kifuniko kizuri hakina raha yoyote: hakinukii, hakiburudishi, hakichonyoti. Orodha hii imepangwa kwa kigezo hicho.

1. Vaselini nyeupe isiyo na manukato

Hakuna inayoipita kwa kufunga unyevu, na ndiyo ya bei nafuu kuliko zote. Nunua kopo dogo la gramu 50, ambalo ni sawa na vijiti kumi na viwili hivi vya kawaida, kwani kijiti kimoja huwa na gramu 4 hivi. Kwenye lebo tafuta neno "petrolatum" likiwa la kwanza, na ikiwezekana liwe peke yake. Zile za watoto zenye rangi ya waridi au harufu ya poda ziache kwa ngozi ya mwili.

Mafuta ya kukamulia ng'ombe, ambayo nyumba nyingi za Nakuru na Bonde la Ufa hujipaka tangu zamani, ni ya ukoo huohuo. Yanafaa, mradi lebo haitaji manukato.

Usinunue jeli ya kupimiwa kutoka mtungi mkubwa sokoni. Hujui vidole vya nani vimepita humo, wala kilichochanganywa.

2. Kijiti chenye kinga ya jua, SPF 30 au zaidi

Kwa mwendesha boda boda, mwanafunzi anayetembea kilomita kadhaa, au mama anayeanika omena ufukweni kutwa nzima, hiki ndicho cha kwanza na vaselini inakuwa ya usiku. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, na unyevu wa ziwa hauzuii jua. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na miale ya jua huzidi ukali kadiri unavyopanda. Ongeza upepo mkavu wa Januari na Februari, na vumbi ambalo husemekana ndilo lililoupa mji jina kwa Kimaasai. Wenye ualbino wasitoke bila kijiti hiki, hata siku ya mawingu.

Chagua chenye oksidi ya zinki au titani. Kinga zenye oksibenzoni huwachonyota baadhi ya watu, hasa midomo ikiwa na nyufa. Paka upya kila saa mbili ukiwa nje, na kila baada ya kula. Ubaya wake ni weupe kidogo mdomoni. Futa ziada kwa kidole. Kijiti kilichoachwa kwenye dashibodi ya gari Kisumu kikayeyuka na kuganda tena hakiaminiki, kwa sababu kinga haikai sawasawa ndani yake.

3. Mafuta ya shea na nta ya nyuki

Shea nyingi inayofika magharibi mwa Kenya inatoka kaskazini mwa Uganda, ambako Waacholi huiita moo yaa. Ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi, kwa hiyo joto la Kisumu huifanya majimaji. Ndiyo sababu huchanganywa na nta. Ukinunua kwa mtengenezaji mdogo, bonyeza juu kwa kucha: ikiwa ngumu kama mshumaa, nta imezidi na itavuta magamba ya mdomo, ikimwagika, nta imepungua.

Ukitaka kutengeneza mwenyewe, kijiko kimoja cha nta iliyokunwa kwa vijiko vitatu vya shea kinatosha Kisumu. Nakuru au Eldoret tia vijiko vinne vya shea. Weka bakuli juu ya maji ya moto, usiweke juu ya jiko moja kwa moja. Nta huyeyuka karibu na nyuzi 63. Ikishayeyuka ondoa, tia shea, koroga, mimina, kisha poza haraka kwenye maji baridi. Ikipoa polepole shea hufanya chengachenga kama unga wa ugali usioiva. Haziharibu kitu, ila zinakera.

Nta ghafi ya manjano hubaki na gundi ya nyuki, na wapo inaowatoa vipele. Jaribu nyuma ya sikio siku mbili kabla ya kuipeleka mdomoni.

4. Lanolini

Ni nta ya sufu ya kondoo, ile inayouzwa maduka ya dawa kwa akina mama wanaonyonyesha. Hufunga vizuri na hukaa muda mrefu, lakini ni ghali, inanata, na baadhi ya watu wana mzio nayo. Inafaa kwa mtu ambaye vaselini haimkai usiku.

5. Mafuta ya nazi au ya mbarika

Ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24, kwa hiyo Nakuru asubuhi ni jiwe na Kisumu mchana ni maji. Hulainisha, ila hayafungi sana. Yapake kwanza, vaselini juu yake.

6. Glisirini

Inapendwa kwa sababu ni rahisi kupatikana. Kazi yake ni kuvuta maji. Ukiipaka tupu kwenye hewa kavu, huyavuta kutoka ndani ya mdomo wenyewe. Ikiwa ipo nyumbani, changanya tone moja na matone mawili ya maji, paka, kisha funika kwa vaselini. Usiende dukani kwa ajili yake.

Ya kuacha dukani

Yote yenye mentholi, kafuri, fenoli au asidi ya salisili, pamoja na dawa za kuchua zinazopakwa puani wakati wa mafua kisha zikateremka mdomoni. Yenye ladha tamu pia, maana utamu huuita ulimi. Krimu za "kuifanya midomo iwe ya waridi" usiziguse: baadhi hubeba hidrokwinoni au zebaki, ambazo zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini Kenya. Bidhaa yenye alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, unaweza kuihakiki kwa kutuma SM# na namba ya kibali kwenda 20023.

Kujitoa kwenye kupakapaka

Acha kijiti cha zamani mara moja, usikipunguze polepole. Paka kiasi cha punje ya mchele mara tano: baada ya kupiga mswaki, baada ya kila mlo, na kabla ya kulala. Lowesha mdomo kwa maji kwanza, kausha kidogo kwa kitambaa, ndipo upake. Mafuta juu ya magamba makavu hufunga ukavu. Magamba usiyabandue. Siku tatu hadi tano za mwanzo midomo itahisi tupu, na hapo ndipo wengi hurudi. Midomo hupona kwa wiki mbili hadi tatu.

Ikikataa, tazama dawa ya meno kabla ya kununua mafuta mengine: yenye mdalasini au mnanaa mkali huwasha. Maji ya ganda la embe pia, na miwa inayotafunwa njia nzima kutoka Muhoroni, maana nyuzi hukwaruza na sukari hualika ulimi. Wanaomeza isotretinoini kwa chunusi watarajie ukavu mpaka dozi iishe.

Ufa unaokaa kwenye pembe za mdomo mara nyingi ni fangasi, au upungufu wa madini ya chuma au vitamini B2, na vaselini haitautibu. Uliza duka la dawa au zahanati. Doa jeupe lenye ukakasi kwenye mdomo wa chini, au kidonda kisichofunga kwa wiki tatu, kionwe na daktari.