Meza ya mninga kutoka karakana ya gereza: viungo safi, uso mbichi

Ukitaka kujua kama wafungwa vijana wanafundishwa useremala kweli, pindua meza yao miguu juu. Hii ya chakula imetoka karakana ya gereza moja huku Kanda ya Ziwa. Chini hakuna aibu: reli, yaani ubao unaounganisha miguu chini ya uso, ni ya inchi 1½, ulimi wake nusu inchi, yaani theluthi ya unene kama inavyotakiwa, na umeingia kwenye tundu la mguu bila msumari. Alama ya penseli bado ipo, na patasi imeishia pale pale. Mafundi wengi wa mtaani wangepiga msumari, wakaziba pengo kwa gundi na vumbi la mbao.

Kasoro iko juu. Mbao ziliunganishwa kabla hazijakauka, kisha uso ukagandishwa moja kwa moja kwenye fremu. Ubao husinyaa kwa upana, si kwa urefu. Ukibanwa hauna pa kwenda, unapasuka. Ufa umeshaanza kwenye ubao wa kati. Mbao zilipaswa kupangwa kivulini, vijiti katikati, mpaka unyevu ushuke karibu asilimia 12, na uso ushikwe kwa skrubu zinazopita kwenye matundu marefu ili uteleze.

Mwanafunzi simlaumu. Karakana yenye oda ya madawati haingoji mbao zikauke, na kijana aliyepangiwa kuchonga miguu tu hutoka anajua miguu tu. Muda nao ni mfupi: kifungo cha miaka 2, ukitoa msamaha wa theluthi, hubaki miezi 16. Bora moduli fupi, kila moja iishie na kitu kizima: stuli, fremu ya dirisha, mlango. Hesabu za sehemu zifundishwe hapo hapo kwenye benchi. Asiyejua theluthi ya 1½ hawezi kuchora ulimi.

Cheti nacho. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi nchini Tanzania, ina utaratibu wa kupima ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na Mwanza chuo chake kiko Nyakato. Kijana apimwe kabla ya kutoka, na cheti kisitaje gereza, maana mwajiri akiliona neno hilo haendelei kusoma. Akitoka bila randa, msumeno na patasi mbili, ataanzia kubeba mbao za wenzake.

Meza nainunua tena, ila kwa sharti: uso uletwe haujafungwa, ukae nyumbani wiki chache, ndipo ufungwe.