Msamvu kuna mzee anapima kwanza, ndipo anafungua

Kwa wenzangu wenye bodaboda hapa Morogoro: kama pikipiki imeshushwa injini na sasa haiwaki, kabla hujakubali ishushwe tena, ipeleke kwa mzee mmoja aliye nyuma ya maduka ya spea Msamvu. Gereji haina bango. Utaona turubai la bluu na benchi lisilokosa watu.

Yangu ni ya Kichina, injini ya pushirodi (fito zinazosukuma valvu), iliyonakiliwa kutoka Honda CG125, kama zilivyo nyingi humu mjini. Ilikuwa inakula oili, basi fundi mmoja (simtaji) akabadilisha pistoni, ringi na beringi za shafti, akasaga na valvu. Hela nikatoa. Kuwaka, haikuwaka. Ukipiga kiki inakohoa kwenye kabureta, mara inairudisha kiki kwa nguvu, ikamchubua ugoko kijana wangu anayeiendesha. Ukiisukuma na kuachia klachi, ekzosi inalipuka mpaka majirani wanatoka nje. Yule fundi akadai ringi ni feki, nilete hela nyingine afungue. Kijiweni nako kila mtu na lake: sidiai (kile kisanduku cha kuratibu moto wa plagi), koili, kabureta. Na hesabu ya siku hailetwi.

Mzee hakuanza kwa kugusa bolti za injini. Alimwambia kijana atoe plagi, akainusa: ina petroli. Akairudishia kofia yake, akailaza kwenye chuma cha silinda, piga kiki: moto wa bluu. Akaziba tundu la plagi kwa kidole gumba, piga tena: kidole kikasukumwa.

"Mafuta yapo, moto upo, kompresheni ipo," akasema. "Sasa mama, tuangalie huo moto unapiga wakati gani."

Akafungua kava la kushoto, sumaku ikaonekana, lile gurudumu linalozunguka na shafti ya injini. Kwenye ukingo wake kuna herufi mbili. T ni pale pistoni inapokuwa juu kabisa. F ni pale moto unapopiga, kabla kidogo pistoni haijafika juu. Akatumbukiza mrija wa soda kwenye tundu la plagi, akawa anazungusha sumaku taratibu kwa mkono, mrija unapanda. Ulipogota akaniita nichungulie. T ilitakiwa iangaliane na alama iliyo kwenye injini. Ilikuwa imeshaipita kwa upana wa kidole. Kumbe moto ulikuwa unapiga mapema mno, pistoni ikiwa bado iko njiani, ndiyo maana kiki ilikuwa inarudi.

Sumaku ikatolewa kwa pula, kifaa cha kuivuta, si kwa nyundo. Ile kii ndogo ya nusu mwezi ilikuwa imekatika. Akanieleza kwamba kii kazi yake ni kuielekeza sumaku mahali pake tu, mzigo haibebi. Kinachoishika sumaku ni shafti kavu, safi, na nati iliyokazwa sawasawa. Shafti yangu ilikuwa na grisi na nati imekazwa kwa kukisia, kwa hiyo sumaku ikateleza na kuikata kii. Ringi hazikuwa na kosa lolote.

Akaifuta grisi yote, akaweka kii mpya, akakaza nati. Kwa kuwa tulishafika, akapima na tapeti, yaani nafasi ya valvu, kwa filageji (vibao vyembamba vya kupimia), injini ikiwa baridi: milimita 0.08 valvu zote mbili. Ya ekzosi ilikuwa imebana, akailegeza. Pikipiki ikawaka, ikatulia kwenye sailensa, yaani mwendo wa chini, bila kushikiliwa mafuta.

Bei: kupima Sh 10,000, na unalipa hata kama ugonjwa hakuuona. Kazi yenyewe Sh 15,000. Spea hauzi. Anakuandikia kwenye kipande cha boksi, unakwenda dukani mwenyewe, kwa hiyo cha juu hakipo. Kwangu hilo peke yake lina thamani, maana mwanamke ukisimama kwenye gereji nyingine bei inapanda kabla hujasalimia.

Sasa kero zake. Simu hapokei. Risiti hana; mimi niliandika kwenye daftari langu, akatia sahihi. Pikipiki iliyoletwa vipande vipande na bolti kwenye mfuko wa nailoni haipokei kabisa. Mdomo nao anao: alimsema kijana wangu mbele ya watu kwa kuvuta resi ilhali pistoni bado ni mpya, akamwamuru asibebe mishikaki (abiria zaidi ya mmoja) kwa sasa na oili aibadilishe mapema kuliko kawaida. Kijana alinuna, lakini oili ameibadilisha.

Nampa nyota nne. Nendeni asubuhi, na dereva awepo, kwa sababu maswali anamwuliza aliyekuwa anapiga kiki, si mwenye kadi. Ijumaa kuanzia saa sita mchana msipoteze nauli.