Rimu za Kubadilisha kwenye Pikapu: Ipi Ununue, na Kwa Nini Gari Linakula Tairi Upande

Kabla hujaingia dukani kuulizia rimu, piga magoti kando ya pikapu yako uyatazame matairi uliyonayo. Watu wengi huanza kufikiria rimu mpya siku wanapoona matairi yameliwa vibaya, wakiamini kwamba seti mpya ya rimu na matairi itamaliza shida. Haitamaliza. Kama kilichoharibika ni bushi (mipira ya viungo vya chini ya gari), tairodi (fito za usukani) au shokapu, matairi mapya yataliwa vilevile, na mara nyingine upesi zaidi, kwa sababu rimu isiyo na vipimo vya gari hilo huongeza mzigo kwenye kiungo ambacho tayari kimechoka.

Nayasema haya kwa uchungu. Niliwahi kufunga rimu za upana wa inchi 9 zenye ofseti ya 0 (ofseti ndiyo inayoamua gurudumu linatokeza nje kiasi gani, nitaieleza chini) kwenye pikapu iliyotoka kiwandani na rimu za inchi 7.5 na ofseti ya +30. Muuzaji alinihakikishia kwamba zinaingia, na kweli ziliingia. Kabla sijamaliza kilomita elfu kumi, matairi ya mbele yalikuwa yameisha bega la ndani mpaka nyuzi zikaonekana, huku kashata (vipande vya mpira vinavyogusa barabara) za upande wa nje zikiwa kama mpya. Fundi aliinua gari kwa jeki, akashika tairi mkono mmoja juu na mwingine chini, akalitikisa. Likacheza. Bolijointi ya chini, kile kiungo cha duara kinachoshikilia gurudumu, ilikuwa imelegea, pengine tangu kabla ya rimu zile, na rimu zilizotokeza nje zikaimaliza. Matairi mawili mapya yakaenda na maji, na fedha ya bolijointi nikalipa palepale.

Tairi linakuambia nini

Mabega yote mawili yakiisha na katikati pakabaki pazima, tairi linatembea na upepo mdogo. Katikati pakiisha, upepo ni mwingi. Hapa wenye pikapu tuna tatizo letu: tunajaza matairi ya nyuma upepo wa kubebea mzigo, kisha tunazunguka wiki nzima bodi likiwa tupu. Tairi linavimba, linagusa barabara kwa katikati tu, na kashata za katikati zinakwisha. Kibandiko kwenye fremu ya mlango kwa kawaida huonyesha upepo wa gari, na magari mengi ya mizigo hutofautisha gari tupu na gari lililobeba. Geji ya mkononi ni kitu kidogo, nayo ndiyo itakayokuokolea matairi mengi kuliko rimu yoyote.

Tairi likiisha upande mmoja, tena laini bila mikwaruzo, gurudumu limelala. Huenda ni kipimo kimehama, huenda bushi za mkono unaoshikilia gurudumu zimekufa, huenda bolijointi imelegea kama yangu. Pikapu iliyoinuliwa kwa springi au spesa za juu bila kurudishiwa vipimo huwa hivi karibu kila mara.

Dalili nyingine utaikuta kwa kiganja. Pitisha mkono juu ya kashata kutoka nje kwenda ndani, kisha urudi. Ukiteleza upande mmoja na kukwaruzwa upande mwingine kama unapapasa msumeno, matairi ya mbele hayatazami mbele sawasawa: ama yanatazamana kwa mbele, ama yanapeana kisogo. Usidharau kosa dogo hapa. Chukua tairi lenye kipenyo cha milimita 776. Tofauti ya milimita 3 kati ya mbele na nyuma ya matairi mawili ina maana kwamba, kwa kila kilomita moja, kila tairi linaburutwa upande karibu mita 2. Kwa kilomita elfu moja tairi limeburutwa kilomita 2 kwa ubavu. Hakuna mpira unaovumilia hayo, na alaimenti (kupima na kurekebisha mwelekeo wa matairi) peke yake ndiyo inayoliondoa kosa hilo.

Mabondebonde kuzunguka tairi, ambayo pia hutoa mngurumo kama wa beringi mbovu, huletwa zaidi na shokapu zilizokufa au tairi lisilobalansiwa.

Ekseli ya nyuma isisahauliwe. Pikapu nyingi zina springi za majani, na bolti ya katikati ya springi ikikatika, ekseli husogea mbele au nyuma upande mmoja. Gari linakwenda kiubavu kidogo, usukani unakaa umepinda kwenye barabara iliyonyooka, na matairi yanaliwa bila sababu ya kuonekana. Chukua futi ya utepe, nyoosha usukani, kisha upime kutoka katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) ya mbele hadi katikati ya habu ya nyuma, upande wa kulia na wa kushoto. Ukikuta tofauti ya wazi, usinunue chochote kwanza.

Vipimo ambavyo havina mjadala

Muuzaji atakuuliza idadi ya stadi (bolti za habu zinazoshika rimu) na duara lake, yaani kipenyo cha duara linalopita katikati ya stadi hizo, na wengi huishia hapo. Hilo ndilo kosa. Toyota Hilux ya 4x4 na Ford Ranger ya kuanzia 2011 zote zina stadi 6 kwenye duara la milimita 139.7, na kwa macho utaapa rimu zake zinabadilishana. Lakini tundu la katikati la Hilux ni milimita 106.1, la Ranger ni 93.1. Rimu ya Ranger haivuki habu ya Hilux kabisa. Rimu ya Hilux inaingia kwenye Ranger, ila inaning'inia kwenye nati badala ya kukaa juu ya habu, na usukani utatetemeka usipoweka pete ya kujazia nafasi. Isitoshe, ofseti ya Hilux kwa kawaida ni karibu +30 na ya Ranger +55, kwa hiyo rimu hiyo itatokeza nje milimita 25 zaidi ya ilivyokusudiwa. Nissan Navara nayo ina stadi 6, lakini kizazi cha D40 na kilichofuata kina duara la 114.3. Usikubali neno "ya stadi sita" kama kipimo.

Ofseti ni umbali kati ya mstari wa katikati ya rimu na uso unaogusa habu. Ikipungua, gurudumu linatoka nje. Tukirudi kwenye mfano wa inchi 7.5 na +30: ukiweka inchi 8 yenye ofseti ya 0, ukingo wa nje unasogea nje karibu milimita 36. Pikapu inaonekana imepanuka mabega, ni kweli. Lakini beringi, bolijointi na tairodi sasa vinavutwa na mkono mrefu zaidi, usukani unakamatwa na kila shimo, na tope linaruka hadi kwenye vioo. Mimi sivuki milimita 15 kutoka kwenye ofseti ya kiwandani.

Uzito: rimu ya kweli ina maandishi ya uzito inaoweza kubeba, mara nyingi upande wa ndani. Chukua uzito unaoruhusiwa kwa ekseli ya nyuma, ugawe kwa mbili, na rimu ipite hapo. Ekseli ya kilo 1,800 inataka rimu ya kilo 900 kwenda juu kila moja. Alama ya JWL, ya Kijapani inayothibitisha uimara wa rimu, ni ya magari madogo, ile ya malori na mabasi ni JWL-T. Kwa gari la kubeba mzigo mimi huitafuta hiyo ya pili. Kwenye tairi, namba ya uzito 112 ina maana ya kilo 1,120, na 121 ni kilo 1,450.

Halafu kipenyo. 265/70R16, 265/65R17 na 265/60R18 zote zina urefu wa karibu milimita 776, kwa hiyo unaweza kupanda kutoka rimu 16 hadi 18 bila kuharibu hesabu za spidi. Unachopoteza ni mpira wa ubavuni: kutoka karibu milimita 185 hadi 159, na huo ndio mto unaozuia rimu isigonge shimo. Ukienda 285/70R17, tairi linakuwa refu kwa asilimia 7. Mshale ukisema 100, wewe uko 107.

Mpangilio wangu, kuanzia ya kununua kwanza

Ya kwanza ni rimu za asili za kiwandani zilizotolewa kwenye toleo la juu la gari hilohilo. Watu hununua pikapu mpya, wanatoa rimu zake na kuziuza zikiwa hazijachakaa. Tundu ni sahihi, ofseti ni sahihi, uzito umepimwa na aliyetengeneza gari. Zikague zikiwa hazina tairi. Geuza rimu uone ndani, kwa sababu uso wa mbele hupakwa rangi ukadanganya. Pitisha kidole kwenye ukingo wa ndani ukitafuta mshono wa kuchomelea, na ukiukuta, iache hata kama ni ya bure. Omba izungushwe kwenye mashine ya balansi huku wewe ukitazama ukingo, si kioo cha namba: rimu iliyopinda itaonekana ikicheza kama sahani. Ukikuta alama za vyuma vingi vya balansi vilivyobandikwa sehemu moja, kuna mtu alikuwa anaficha kitu.

Ya pili ni aloi (rimu ya mchanganyiko wa alumini) mpya ya kusubu, yaani ya kumiminwa kwenye kalibu, kutoka kwa mtengenezaji anayeandika uzito na alama kwenye rimu yenyewe, katika ofseti iliyo karibu na ya kiwandani. Ukipata ile ambayo pipa lake (sehemu ya duara inayobeba tairi) limevutwa kwa rola baada ya kusubiwa, chukua hiyo, ni nyepesi na imara kuliko ya kusubu tupu.

Ya tatu ni chuma, ingawa kwa anayebeba mawe, mchanga au mazao kwenye njia mbovu kila siku, chuma ni ya kwanza na sioni cha kubishania. Aloi ikipigwa sana hupasuka. Chuma hukunjika, na ukingo uliokunjika unaweza kunyooshwa kwa nyundo ukafika nyumbani. Ni nzito na hushika kutu pale rangi inapochubuka, basi isugue na uipake mapema.

Ya nne, aloi ya kufua, yaani iliyogandamizwa kwa nguvu badala ya kumiminwa. Ndiyo imara na nyepesi kuliko zote, na bei yake inaonyesha. Kwa mwenye pikapu wa kawaida, tofauti hiyo ya fedha ingefanya kazi zaidi kwenye shokapu nne mpya, bushi na alaimenti.

Rimu za kufungia ukingo wa tairi kwa bolti ni za wanaoshusha upepo sana kwenye mchanga na miamba. Kama huna shughuli hiyo, zipite.

Mwisho kabisa ni rimu pana za ofseti hasi na spesa za kusukuma gurudumu nje. Nimeshalipia somo hilo, sirudi. Na rimu ya kunakili umbo la jina kubwa, isiyo na maandishi yoyote ya uzito, haimo kwenye orodha hii hata nafasi ya mwisho.

Siku ya kufunga

Tengeneza ugonjwa kwanza, kisha rimu na matairi, kisha alaimenti siku hiyohiyo. Ukifanya alaimenti kabla ya kubadili bolijointi, umelipia namba ambazo zitahama wiki ijayo.

Nati zinahitaji jicho lako. Kuna nati za koni, kuna za mviringo, kuna za uso bapa zenye washa, na rimu za kiwandani za aloi za Toyota nyingi hutumia hizo za bapa. Nati ya bapa kwenye tundu la koni hugusa ukingo mwembamba tu, hujisikia imekaza, kisha hulegea ukiwa njiani. Sugua uso wa habu kwa brashi ya waya kabla rimu haijakaa, maana ganda la kutu likibaki katikati, rimu hukaa upande. Nati zianze kwa mkono, zikazwe kwa kurukaruka duara, na zimaliziwe kwa spana ya kupimia nguvu kwa kipimo cha kitabu cha gari. Bunduki ya upepo isiwe ndiyo inayosema neno la mwisho. Baada ya kilomita 50 hadi 100 zirudie tena.

Zungusha matairi, mbele kwenda nyuma, kila kilomita 8,000 hadi 10,000, na kila unapozungusha pima kashata sehemu tatu: ndani, katikati, nje. Andika namba hizo kwenye daftari la gari. Tofauti ya milimita 1 kati ya ndani na nje baada ya kilomita 8,000 utaiona kwenye daftari muda mrefu kabla ya kuiona kwa macho.

Na spea. Kama rimu ya spea imebaki ya chuma na umefunga aloi zenye nati zake, weka seti ya nati za zamani kwenye mfuko pamoja na jeki. Jaribu kuifunga spea hiyo mbele na nyuma ukiwa bado kwa fundi, mchana, uone kama inapita kwenye breki na kama nati zinashika mizunguko ya kutosha.