Ziara ya siku moja kwenda Abu Simbel: hekalu halina mfano, muda hautoshi

Ziara niliyoilipia mjini Aswan, kusini mwa Misri, ilianza saa kumi alfajiri kwa basi dogo, kwa kuwa kutoka hapo hadi Abu Simbel, penye mahekalu mawili ya kale, ni takriban kilomita 280 za jangwa tupu. Gari lilikuwa safi, dereva aliendesha kwa utulivu, na kifungua kinywa tulichofungiwa kilitosha.

Lawama yangu ni muda. Tuliahidiwa saa mbili nzima. Tulipofika tukapewa saa moja na nusu, na sehemu yake ikaishia kwenye foleni ya tiketi. Mwongozaji alitueleza historia tukiwa nje, kivulini, kwa sababu waongozaji hawaruhusiwi kutoa maelezo ndani ya hekalu. Alieleza vizuri sana, lakini maelezo hayo nayo yalihesabiwa katika muda wetu.

Sanamu nne za Farao Ramesses II zilizo mlangoni, zilizochongwa zaidi ya miaka 3,200 iliyopita, zina urefu wa mita 20 hivi kila moja. Kati ya mwaka 1964 na 1968, kabla maji ya bwawa jipya la Aswan hayajalimeza, hekalu lote lilikatwa vipande na kujengwa upya kama mita 65 juu ya mahali pake pa awali. Niliposogea ukutani niliona mistari myembamba, mfano wa mishono ya kanzu, pale mawe yalipounganishwa. Hata kichwa cha sanamu iliyovunjika tangu zamani kilihamishwa na kulazwa chini vilevile kilivyokuwa. Uaminifu huo ulinigusa kuliko ukubwa wa sanamu zenyewe.

Hekalu dogo la Malkia Nefertari, ambako sanamu zake zinalingana kimo na za mumewe, Ramesses, heshima ambayo wake wa mafarao waliipata kwa nadra, nililipitia kwa dakika kumi tu huku dereva akipiga honi.

Huduma ninaipa nyota tatu kati ya tano. Anayeweza kumudu gharama alale usiku mmoja katika kijiji cha Abu Simbel, aingie hekaluni mapema, kabla mabasi ya Aswan hayajafika. Mimi nikijaliwa kurudi, nitafanya hivyo, na nitaanzia kwa Nefertari.